Shikamoo kwa Kiti cha Halima

Wanaosema nimetunga, waniambie nimefaidika nini. Kisa hiki kinampamba mwenzangu, si mimi, na ni mimi niliyekiona kwa macho haya.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, kompyuta zikaanza kufika hata Kilosa. Mimi na Halima tulikuwa mafundi wa duka moja mjini. Tajiri wetu akaleta kadi ya redio ya kutuunganisha na Mikumi, lakini kompyuta haikuitambua. Ikabidi Halima aiandikie draiva, yaani programu ya kuitambulisha kwa mashine, nami nikague faili la mipangilio kabla hatujaunda upya kiini cha mfumo unaoiendesha kompyuta. Tajiri alishasema: ikikubali, Halima atakwenda kusimamia kituo kipya Mikumi, ikigoma, nafasi ni yangu. Halima, niliyemfundisha mimi kushika kipanya! Wivu ulinikaba, sifichi.

Magharibi moja, mvua inanyesha, Halima ameshaondoka, akaingia mzee mwenye kaptula ya kaki iliyojaa madoa ya utomvu wa mkonge. Nikamwamkia, hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kitupu cha Halima, akainama.

“Shikamoo, mama.”

Umeona wapi mzee wa umri ule akimwamkia binti, tena asiyekuwepo? Kisha akaweka kidole kwenye skrini yangu, juu ya mstari mmoja wa lile faili.

“Hapa draiva inapakiwa baadaye. Iunganishe ndani ya kiini, ijulikane tangu mashine inapoamka.”

Amini usiamini, ndipo kosa lilipokuwa, na nilikuwa nimelipita siku nzima. Nilipogeuka kumuuliza yeye ni nani, hakuwepo. Mvua inamwagika nje, na sakafu kavu!

Sikuugusa ule mstari. Nilifunga duka nikaenda zangu.

Asubuhi tuliukuta umebadilishwa. Tukaunda kiini, kadi ikatambulika, Mikumi wakaitika. Tajiri alimpa Halima mkono mbele yangu.

Nikamsimulia Halima habari za yule mzee. Akakaa chini.

“Huyo ni babu. Alinipa jina la mama yake, ndiyo maana alikuwa akiniamkia. Tulimzika Rudewa nikiwa mdogo.”

Basi nakuonya: ukiona mzee anaamkia kiti kitupu, usishindane na mwenye kiti. Ana watu wake.

Halima bado yuko Mikumi. Mimi niko hapa hapa dukani, na mababu nilikuwa nao wawili. Kila magharibi huacha mlango umeegeshwa, nikasimama kando ya kiti changu. Hakuna aliyewahi kukiamkia.