Nilivyomuuzisha baba mdogo hisa za kampuni ya game kwa sababu ya kipa Byaruhanga

Wakuu, wenye umri wenu shikamooni, wa rika langu tulieni kwanza. Ninayosimulia hayana chumvi. Chumvi yote ipo jikoni kwa mamdogo, na leo imelowa.

Niko form three, hapa Nyaishozi. Baba mdogo analima kahawa, ila ana shemeji yake Dar mwenye app ya kununua hisa za nje. Msimu uliopita akamtumia hela, akanunuliwa hisa za kampuni inayotengeneza game la mpira.

Kwa nini hiyo? Kwenye group lao la wawekezaji kulikuwa na tetesi kwamba kampuni inakaribia kusaini leseni ya kutumia majina na jezi za timu kubwa za Ulaya. Ikisaini, hisa zinapaa.

Baba mdogo alielewa haraka kuliko mimi.

"Si ni butura tu hii? Unanunua kahawa ikiwa bado ua, unaomba Mungu mvua ya mawe isije."

Mamdogo akaahidiwa bati za jiko. Jiko lake ni la nyasi na linavuja mpaka kuku wanahama.

Kwa kuwa mimi ndiye najua game, nikateuliwa mchambuzi mkuu. Wakuu, cheo kinalevya. Nikitoka shule napitia kibanda cha game cha kaka Deo, nikiulizwa nyumbani nasema nilikuwa kazini.

Siku moja Deo akarudi kutoka Murongo, kule mpakani, na toleo jipya la game hilohilo kwenye flash. Nikashika pad.

Timu kubwa ya Hispania inaitwa Kikagati Boys. Kikagati, wakuu, hapo ng'ambo ya daraja la Murongo tu. Jezi hazina nembo. Kipa, mzungu kabisa mwenye nywele za njano, anaitwa Byaruhanga.

Hapo mwenye akili angeishtukia flash. Mimi nikaishtukia kampuni. Nikakimbia shambani.

"Baba mdogo, uza. Leseni wameikosa, wameanza kuokoteza majina."

"Una uhakika?"

"Nimeona kwa macho. Kipa ni Byaruhanga."

"Byaruhanga wa nani?"

Hakusubiri jibu. Akampigia shemeji, zikauzwa siku hiyohiyo, tena kwa hasara.

Wiki haijaisha, leseni ikasainiwa. Hisa zikapaa bila sisi.

Nikamfuata Deo. Alicheka mpaka akaegemea TV.

"Dogo, hii ni kopi. Jamaa aliyeichakachua kaweka majina ya kwao. Byaruhanga ni shemeji yake."

Baba mdogo hakunichapa. Alisema tu, "Ua lilikuwa zima. Mvua ya mawe ni wewe."

Hukumu alitoa mamdogo: mpaka bati zipatikane, mvua ikinyesha nashika mwavuli juu ya sufuria ya ndizi.

Nilichojifunza: kabla hujamwambia mtu auze, uliza mzigo umetoka kiwandani au kwenye flash ya Deo.

Mnaojua hisa, anunue tena au zimeshapanda mno? Nijibuni taratibu, natype kwa mkono mmoja, na mamdogo anasema mwavuli umeinama.