Kitovu Chini ya Mgomba

Kosa lilikuwa langu, na lilianza na maelezo mazuri.

Mimi ni muuguzi. Mdogo wangu alikuwa amerudi nyumbani kwa mama, kijijini Nyantende, kutoka machimbo ya dhahabu ya Luhwindja, akiwa na homa na kichomi. Ilikuwa nimonia ya bakteria. Nilimwachia mama vidonge vya antibiotiki. Kwa kuwa mama hupenda kuuliza, nikamweleza pia habari za seli shina: seli changa ambazo bado hazijachagua kazi, ambazo watafiti huzichukua kwenye kitovu cha mtoto anapozaliwa. Wanajaribu kama zinaweza kutuliza uvimbe wa mapafu na kuusaidia mwili kuua bakteria.

"Bado ni majaribio," nilisema. Mama aliitikia kwa kichwa. Nikaamini ameelewa.

Nilirudi baada ya siku mbili, asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba. Nilisikia jembe kabla sijamwona mtu. Mama alikuwa amepiga magoti chini ya mgomba mkubwa.

"Maman, uko nafanya nini?"

"Natafuta kitovu yake. Nilizika hapa siku ile ilianguka. Si ni weye ulisema dawa iko mule?"

Nikachutama kando yake. "Ile inatoka kwa mutoto mwenye anazaliwa leo, maman. Ya huyu ilishaoza. Mugomba iliikula."

Akainua macho kwenye mkungu. "Na siye tukakula ndizi."

Hakucheka.

"Na vidonge?"

"Nilificha. Dawa mbili mu mwili moja zitapigana."

Siku mbili bila dawa! Nikakimbilia ndani. Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, uso ukutani.

"Yaya," akaniita, mimi mkubwa wake, "ambia mama aache kuchimba."

"Ameshaacha."

"Apana. Sikia."

Niliweka sikio mgongoni mwake. Naijua sauti ile: vifuko vya hewa vilivyojaa majimaji hulia vikifunguka, kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio. Lakini asubuhi hiyo vililia kwa mwendo wa jembe. Pigo, kimya. Pigo, kimya. Chini upande wa kulia hapakuwa na pumzi kabisa. Nikachungulia dirishani. Mama alikuwa amesimama, mikono mitupu, udongo hadi viwikoni.

Tulimpakia kwenye pikipiki, dereva mbele, mimi nyuma nikimshikilia, hadi hospitalini Bukavu. Wakamtia antibiotiki kwenye mshipa. Mama alipofika aliuliza kama seli zimekuja. Nikaanza upya, polepole: bado, na hata zikija siku moja, zitasaidiana na antibiotiki, hazitachukua nafasi yake. Safari hii nilimwomba anielezee yeye. Alikosea mara mbili, ya tatu akapata.

Siku ya tatu homa ilishuka. Nikamwonyesha mama mahali pa kuweka sikio. Akainama, akafumba macho, akasikiliza.

"Hewa inaingia," alisema. "Kidogo." Kisha akamgeukia muuguzi wa zamu. "Sindano ingine iko saa ngapi?"