Pikipiki za Garsen na Ng'ombe Wasiohesabiwa

Barua ilifika kwa chifu wiki mbili kabla ya pikipiki zenyewe. Ilisema kwamba wanachama wa klabu moja ya wenye pikipiki, Wazungu kwa Wahindi, watatoka Nairobi na Mombasa, wakutane Malindi, kisha waje Garsen kupiga kambi siku tatu kando ya mto. Chifu aliniita niisome mara ya pili, kwa kuwa nilikuwa nafundisha darasa la kwanza pale na kusoma ndiyo kazi niliyojulikana nayo. Nilipomaliza aliniuliza, "Wanakuja kufanya nini?"

"Kuendesha pikipiki," nikamjibu.

"Kwao hakuna barabara?"

Miaka ile, ambayo sisi tunaikumbuka kama miaka ya dharura ya Mwingereza, mzee wa kwetu akitaka kukusanya watu wa kuongea habari ya malisho alihitaji kibali. Sasa tunaambiwa watu hamsini au sitini wanakuja kwa mpigo, bila askari, bila mzigo wa kuuza, na bwana shauri wa wilaya amekubali. Ukijiweka mahali petu utaelewa kwa nini hakuna aliyeamini kwamba ni mchezo tu.

Kabla sijaendelea nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Sisi Waorma hatuhesabu ng'ombe wetu. Mtu hasimami mbele ya zizi akasema hawa ni wangapi, na mgeni mwenye adabu haulizi. Anauliza, "Ng'ombe wamelalaje?" anajibiwa kuwa wamelala salama, yamekwisha. Kutaja idadi ni kama kuwaonyesha kwa jicho baya. Basi kwa mtu wa aina hiyo, mgeni anayekuja na daftari na kalamu ni wa kutazamwa vizuri. Watu wa mifugo wa serikali walikuwa wameshakuja mara mbili na madaftari yao. Mara ya kwanza walisema wanaandika tu. Mara ya pili walichora mstari wa chokaa chini na kutuambia ng'ombe wasiuvuke, ni karantini.

Pikipiki zilifika siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Tulizisikia muda mrefu kabla ya kuziona, halafu tukaona vumbi, halafu wenyewe, wamevaa miwani mikubwa na vitambaa mdomoni. Pikipiki nilizihesabu, kwa kuwa kuhesabu pikipiki hakuna ubaya, nikafika hamsini na saba kabla hazijachanganyika. Walizivusha kwenye pantoni, chache chache, na wavuta kamba wa kivuko wakafanya kazi mpaka jasho likawatoka kama wameoga. Kisha wageni wakachagua mahali pa kambi. Kati ya sehemu zote za ukingo ule wakachagua uwanja ulio juu ya malka yetu.

Malka ni njia ya kushukia maji. Mto Tana kingo zake nyingi zimesimama wima, zina miti na mashamba ya majirani zetu Wapokomo, kwa hiyo ng'ombe hushuka penye nafasi zilizoachwa tangu zamani, na kila ukoo una zamu yake. Mwezi ule ulikuwa wa kiangazi kikali. Makundi yalikuwa malishoni, mbali na mto, na kila kundi lilikunywa kila siku ya tatu. Safari ile zamu ya mjomba wangu iliangukia Ijumaa.

Jioni ile ile ya Alhamisi wageni wakatoa mifuko ya chokaa na kuchora chini. Walichora mistari miwili mirefu sambamba, na duara, na duara jingine, yote mbele ya malka.

Asubuhi ya Ijumaa mjomba akatuma mtu aniite. Nilimkuta nusu saa kutoka mtoni, kundi lake limejikusanya chini ya miti ya miiba. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kunusa maji. Walikuwa wanalia sauti ile ya chini, si ya njaa, na ndama walikuwa wamelala shingo zimenyooka chini. Mjomba alikuwa mtu mrefu, mkavu, ndugu wa mama yangu, aliyenilipia kwa maziwa na siagi miaka yangu ya shule ingawa hakuipenda shule yenyewe.

"Umeiona chokaa?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Nimeiona."

"Na daftari?"

"Kuna mmoja analo. Anaandika kila mara."

Akawatazama ndama. "Malka nyingine iko mwendo wa kutwa nzima. Hawa wakubwa watafika. Hawa wadogo wengi hawatafika. Lakini nikiwashusha mbele ya watu wa daftari, nimewapoteza wote. Wewe tulikupeleka ukasome. Nenda ukasome kile kitabu, kisha urudi kabla ya alasiri uniambie."

Hiyo ndiyo sababu nilihudhuria mkutano wa klabu ya pikipiki. Sikwenda kutazama, nilikwenda kupeleleza, na nilihisi naonekana wazi kabisa, na kanzu yangu safi na kitabu cha shule nilichobeba ili nionekane na shughuli.

Kwenye uwanja pikipiki zilipangwa mstari mmoja, zimefutwa vumbi mpaka zinang'aa. Mwenye pikipiki mmoja alikuwa amelala chini ya yake kama mtu anayekamua ng'ombe. Wapokomo wengi walikuwa wamekuja na ndizi na maembe ya kuuza, na mmoja wa wavuta kamba wa kivuko, Mpokomo rafiki yangu wa tangu utotoni, alikuwa amekaa juu ya gogo akipumzisha mikono.

"Mwalimu," akaniita, "ng'ombe wenu wako wapi? Leo Ijumaa."

"Wako njiani."

"Njiani wapi? Wamejificha msituni wanaogopa chokaa. Nyinyi watu wa ng'ombe, karatasi ikipeperuka mnahama."

"Na nyinyi watu wa migomba siku mtakayoandikiwa kila mgomba, mtahamia wapi? Mtaibeba?"

Akacheka, akanisogezea nafasi kwenye gogo. "Kaa utazame. Hawa watu si wazima."

Mbele yetu palikuwa na mashindano kati ya ile mistari miwili ya chokaa. Pikipiki nne ziliondoka kwa filimbi, lakini hazikukimbia. Zilijivuta. Waendeshaji walikuwa wakitikisa usukani kulia na kushoto, wamekunja nyuso, na kila aliyeweka mguu chini alitolewa. Yule aliyefika wa kwanza hakupigiwa makofi. Aliyefika wa mwisho akanyanyuliwa mkono.

"Wa mwisho ndiye mshindi," rafiki yangu akasema. "Nimeuliza mara mbili."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria: mtu mzima aliyesafiri siku mbili kwenye vumbi hawezi kuwa amekuja kwa ajili ya hili. Wanapima ardhi. Wanakwenda polepole hivyo ili wapime, na mashindano ni kifuniko. Leo naona aibu kidogo kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofikiri, na niliyefikiri hivyo ndiye niliyekuwa na elimu.

Mwenye daftari alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa bora kuliko changu. Alikuwa katibu wa klabu. Nilimkaribia, tukasalimiana, akanipa chai moto kutoka kwenye chupa yake ya chai, na kabla sijatafuta hila akanigeuzia daftari mwenyewe. "Wewe mwalimu? Basi nisaidie kusoma hii namba, maandishi yangu mabaya."

Nikasoma. Zilikuwa namba za pikipiki, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila namba alama za mashindano. Nikageuza ukurasa nikijifanya natafuta mwanga. Namba za pikipiki. Nikageuza tena. Petroli, madebe mangapi. Hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Nikamweleza habari ya malka na zamu na kiu. Alisikiliza vizuri, akasikitika kweli. "Hatukujua, ndugu yangu. Mbona hamkusema? Alasiri tutaondoa pikipiki zote njiani. Na chokaa ni ya michezo tu, wakanyage."

Akasimama, akawatangazia wenzake kwa Kiingereza, na wote wakafurahi. Mzungu mmoja kijana akasema kitu, wengine wakapiga makofi. Katibu akanigeukia akitabasamu. "Wamepata mchezo mpya. Ng'ombe wakipita, kila mmoja ataandika kwenye karatasi anadhani ni wangapi. Atakayekaribia zaidi atapewa zawadi. Na wewe mwenyeji ndiye utakayetupa jibu."

Nikamwambia sisi hatuhesabu. Akanipiga bega, akadhani naona haya.

Nilirudi msituni mbio, na njiani nilipata nafasi ya kufikiri. Daftari halikuwa na kitu; hiyo ilikuwa kweli, na mjomba alikuwa ameuliza hilo tu. Ningeweza kusema daftari ni safi, ng'ombe wangekunywa, ndama wangepona. Lakini mchezo ule ulitoka wapi ghafla hivyo? Nani aliyemwambia yule kijana aseme? Nikamweleza mjomba yote.

"Watu hamsini," mjomba akasema, "kila mmoja na karatasi yake. Hata watu wa mifugo walikuja watatu."

"Wanasema ni mchezo."

"Na kama si mchezo, wangesema nini?"

Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona tena. Kawaida yetu ng'ombe hushuka malka vikundi vikundi; hawa wanakunywa, wanapanda, wengine wanashuka, kwa sababu ukingo ni telezi na chini kuna mamba. Mjomba alituma watu kwa koo mbili ambazo zamu zao zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na ambazo makundi yao yalikuwa yamekwisha kusogea karibu. Ujumbe ulikuwa mfupi: leteni wote leo, pamoja na wangu, kwa mpigo. Wale wazee hawakuuliza sababu mara mbili. Nao walikuwa wameiona chokaa.

Waliposhuka alasiri ile, ardhi ilinguruma kuliko pikipiki zote. Vumbi lilitangulia, likafunika mahema, na ndani ya vumbi zilionekana pembe, kisha migongo, kisha hakuna kitu ila sauti. Wachungaji walikuwa wanawazungusha kwa makusudi, wanawarudisha walioshuka na kuwapitisha tena, mpaka hata mimi niliyewajua wengi wao kwa rangi sikujua nani kapita na nani bado. Wazungu walisimama juu ya viti vyao na karatasi mkononi, wakikohoa. Maduara ya chokaa yalifutika kabla kundi halijafika nusu.

Mtamba mmoja wa mjomba alisukumwa kwenye ukingo, akaanguka upande wa matope, akazama mpaka tumboni. Wachungaji hawakuweza kumfikia kwa msongamano. Rafiki yangu wa kivuko na wenzake walimtupia kamba kutoka kwenye pantoni, wakamvuta kama wanavyovuta chombo chao, huku wakiimba. Alipotoka, alisimama akitetemeka, kisha akainamisha kichwa akanywa hapo hapo.

Wote walikunywa. Ndama walikunywa. Mjomba alisimama kwenye maji mpaka magotini, fimbo begani, akinong'ona maneno yake ya kushukuru, na kwa mara ya kwanza siku ile sikumwona akitazama nyuma.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama katibu alinijia na fungu la karatasi. "Haya, mwalimu. Jibu."

"Hatujui," nikasema.

"Mwenye ng'ombe hajui ng'ombe wake?"

"Anawajua. Anajua kila mmoja na mama yake na mama ya mama yake. Mmoja akikosekana jioni atakuambia ni yupi na aliachwa mti gani. Ila wangapi, hajui, na hataki kujua." Nilimweleza polepole, kama ninavyoeleza darasani, kwa sababu alikuwa amenitendea wema na nilitaka aelewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Lakini macho yake yalibadilika. Nilikuwa nimeyaona macho hayo siku ile nzima, kwa mjomba, kwa wazee, na pengine kwangu mwenyewe. "Mliwachanganya makusudi," akasema taratibu. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sawa," akasema. Akafungua daftari, akaandika mstari mmoja akiwa amenipa mgongo, akalifunga.

Nilipofika kwa mjomba aliniuliza kama nimesoma.

"Karatasi zina namba nyingi, hakuna mbili zinazofanana. Lakini mwisho ameandika kitu kwenye daftari. Sikukiona."

"Kirefu?"

"Mstari mmoja."

Aliosha miguu yake, akaswali magharibi, akala. Baadaye nikamsikia akiwaambia wachungaji wafunge maziwa ya safari. Ng'ombe walikuwa wameshiba maji. Sasa wangeweza mwendo wa kutwa, na ndama pia. Alfajiri hawakuwepo, na malka yetu hakuitumia tena mpaka mvua iliponyesha.

Jumapili pikipiki zilipokuwa zinajipanga kuondoka, katibu alikuja kuniaga. Alinipa mkono kwa moyo mweupe, akaniachia chupa ile ya chai iwe zawadi ya shule. Kisha akatazama ukingo mtupu.

"Wale ng'ombe wa juzi wameenda wapi?"

"Malishoni."

"Upande gani?"

Nilikuwa mwalimu, mtu wa kujibu maswali. Nilimwonyesha kwa kidevu uwanda wote, kutoka mkono wangu wa kulia mpaka wa kushoto, nikamtakia safari njema.