Kanuni ya Ishirini na Mbili

Kwa miaka mitatu Qu Lianzhen aliamka alfajiri, akasimama uani pamoja na wenzake sitini wa darasa la warudiaji, na kukariri kanuni za fizikia kwa sauti moja. Kanuni ya ishirini na mbili ilisema: "Springi hupinga, kazi yake ni hasi." Darasani kwa Mwalimu Pang hapakuwa na springi hata moja ya kushika mkononi. Palikuwa na karatasi na koo za vijana.

Mama yake alipanga chumba nyuma ya shule ili ampikie tu. Baba alikwisha kata shauri: huu ni mtihani wake wa nne wa kuingia chuo kikuu, na wa mwisho; akifeli, atamfuata binamu yake kiwandani.

Wiki moja kabla ya mtihani, Lianzhen aliinua mkono.

"Mwalimu, springi iliyobanwa ikiachiwa, si inakisukuma kibao kilicho mbele yake kulekule kinakokwenda? Mbona kazi yake iwe hasi?"

"Dada Mkubwa kaamka!" alidakia mmoja nyuma. "Miaka mitatu usingizini, leo kaota springi!"

Darasa likaangua kicheko.

"Muda wa kufikiri umekwisha, Lianzhen," alisema Mwalimu. "Kariri."

Swali la mwisho la mtihani lilikuwa lilelile: springi iliyobanwa inasukuma kibao juu ya sakafu inayoteleza; tafuta kazi ya springi, kisha kasi ya kibao. Aliandika chanya. Kanuni ya ishirini na mbili, kwa koo sitini, ikamjia kichwani. Akaikata, akaandika hasi. Alipofika kwenye kasi, akajikuta anatafuta kipeuo cha pili cha namba hasi. Kasi kama hiyo haipo duniani! Akarudi juu kusahihisha, na kengele ikalia.

"Kalamu chini!"

Langoni mama alimsubiri ndani ya gauni jekundu la bahati, kama akina mama wote.

"Umeweza, mwanangu?"

Lianzhen alimpita, akamwendea Mwalimu Pang, aliyesimama kando ya mabasi yaliyowaleta.

"Mwalimu, ilikuwa chanya."

"Kanuni ile huokoa maswali tisa katika kumi, binti."

"Kumbe ulijua kuna la kumi?"

"Wanaoelewa ni wachache. Shule hupimwa kwa wengi."

Lianzhen aliketi barabarani, mbele ya mabasi ya wanafunzi. Honi zikalia. Mama akapiga magoti kwenye vumbi, akamshika makwapani amwinue. Hakuweza.