Makachero wa Marekani na Mapipa ya Afisa Kilimo

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala, na naomba mtu asinichukulie kuwa mmbea. Ila televisheni yangu ndiyo kubwa kuliko zote mtaani, sasa nifanyeje? Watu wanakuja wenyewe. Jumapili, walioenda kanisani wakisharudi na walioswali adhuhuri wakishatoka msikitini, sebule yangu inajaa, na mimi natoa chai na sahani ya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini.

Mwaka ule jamaa mmoja wa stendi anayeingiza filamu kwenye flashi aliniwekea mfululizo wa visa vya kweli vya makachero wa serikali kuu ya Marekani, wale wenye herufi kubwa mgongoni mwa koti. Ulikuwa umetafsiriwa na bwana mmoja mwenye sauti nzito, na kila mtu akikamatwa bwana huyo anaongeza la kwake: "Umekwisha, mzee!" Tukapenda jamani, tukapenda mno.

Ila maoni ndiyo yalikuwa kipindi chenyewe. Mama muuza maandazi, jirani yangu wa mkono wa kushoto, hakuwahi kujali nani kaua. Yeye aliuliza kila wiki, "Hawa makachero wanakula saa ngapi? Wake zao wanajua walipo?" Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili alikuwa mtu wa ushahidi. Siku walipomfunga mtu kwa unywele mmoja, alisimama kabisa. "Unywele mmoja! Saluni ya pale stendi ina nywele za wilaya nzima, tufungwe wote?" Na mtani wangu, Myao wa Masasi anayetengeneza baiskeli mbele ya nyumba yangu, alisema makachero hao wangeletwa Masasi wasingemaliza wiki. "Wanauliza maswali mno. Kwetu wangeshapewa jembe walime kidogo, akili iwakae."

"Kwenu Masasi hata mwizi anaibiwa," nikamjibu.

"Na nyie Wamakonde mnamkaribisha ugali kwanza."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, raha mustarehe, mpaka kaka yangu aliponipa kazi.

Kaka yangu ni mkulima wa korosho kule Kitangari. Dada yetu mkubwa alifariki akatuachia binti mmoja, nikamlea mimi, na sasa anafundisha watoto wadogo Masasi mjini. Mimi ni mama yake mdogo, lakini neno la ndoa yake ni la mjomba wake, kaka yangu, na hilo hapa kwetu halina mjadala. Basi akaja mchumba, afisa kilimo wa hapahapa Newala, mtu wa Singida. Mtu wa Singida! Ukoo wake tutaupata wapi? Nani wa kumuuliza? Kaka akaniita, akaniambia, "Mchunguze. Ukisema ndiyo, nitasema ndiyo. Ukisema hapana, yamekwisha."

Binti naye akanipigia simu. "Mama mdogo, nampenda. Usiniharibie." Nikamwambia mimi nimharibie kwa lipi, mwanangu, mimi ni macho tu.

Nikamwalika yule afisa kwenye makachero ya Jumapili. Akaja na shikamoo ya kuinama, mikono miwili, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mrefu, mpole, anakula taratibu. Na mimi, haki ya nani, nilijiona nami nina herufi mgongoni. Namwongezea chai, namuuliza habari za kwao, namtazama anavyoshika kikombe. Wiki ya kwanza, hana kasoro. Ya pili, hana kasoro. Ya tatu, akamsaidia mama muuza maandazi kubeba beseni lake mpaka kwake. Kachero yeyote anajua kwamba mtu asiye na kasoro ana jambo.

Nikabuni safari. Nikafunga ming'oko kwenye bakuli nikaenda nayo nyumbani kwake, kiambo cha nyuma ya ofisi za kilimo, siku ambayo hayupo. Nikazunguka uani. Nikakuta mapipa mawili ya bluu, yamejaa maji mpaka juu. Na kwenye kamba, kanga.

Loo! Nilishika kifua.

Asiye wa Newala hataelewa, hivyo nimweleze. Wakati huo mabomba yalikuwa yamekauka. Wauza maji wa baiskeli walikuwa wanakuja siku wanayotaka wao, na mimi mwenyewe nilikuwa nafulia maji niliyooshea vyombo. Sasa mwanamume anayekaa peke yake, hana baiskeli, na mapipa yake yamejaa, anajazaje? Kisimani kule bondeni maji yanapandishwa kichwani, na kichwani ni kwa wanawake. Mwanamume wa huku akichota, anafunga madumu kwenye baiskeli. Hajabeba ndoo kichwani mwanamume wa huku tangu nizaliwe. Kwa hiyo kuna mwanamke humo ndani. Na kanga yake ile pale. Ushahidi gani tena?

Sikuacha hata bakuli, nikampita jirani yake getini bila salamu. Nikapanda bodaboda mpaka Kitangari, nikamwambia kaka: ana mwanamke. Kaka hakuuliza mara mbili. Nilirudi nyumbani najisikia mtu mzima, kazi nimeifanya. Jioni binti akanipigia, analia hata maneno hayatoki, na mimi nikamwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba bora kulia sasa. Nikikumbuka sauti ile, natamani kujizaba kibao.

Jumapili iliyofuata afisa akaja kama kawaida. Nilishangaa, ila nikasema moyoni labda kaka hajamwambia bado. Nikamwekea chai.

Na kisa cha siku hiyo, jamani, kilikuwa cha kachero aliyejifanya rafiki. Aliingia kwenye familia ya mtuhumiwa, akala mezani kwao miaka miwili, akabeba watoto wao, akaimba kwenye sherehe yao ya kuzaliwa, halafu asubuhi moja akaja na wenzake na pingu. Bwana mwenye sauti nzito akasema, "Umekwisha, mzee!" lakini sebuleni kwangu hakucheka mtu.

"Huyu ni shetani," mama muuza maandazi akasema. "Amekula chakula cha yule mama!"

"Sheria inaruhusu," mwalimu mstaafu akasema, ila kwa unyonge.

"Sheria ya wapi?" mtani akapandisha sauti. "Mtu ukishakula kwake, ukiona baya unamwambia yeye mwenyewe kwanza, usoni. Yule muuaji ana nafuu, alijulikana ni muuaji. Huyu je? Angekuwa kwetu, hata msibani kwake nisingekwenda!"

Na kwa mtani kutokwenda msibani kwako, ujue umeshafutwa duniani. Mimi niko pale, birika mkononi, masikio yanawaka. Nikajifanya naongeza sukari kwenye kikombe ambacho kilishakuwa na sukari.

Mwalimu akamgeukia afisa. "Na wewe mgeni wetu, unasemaje?"

Akakiweka kikombe chini. "Mimi namwonea huruma yule kachero," akasema. "Miaka miwili anakula na watu, na hakuna tonge hata moja alilolila kwa raha."

Akanishukuru kwa chai, akaaga, akaondoka. Kikombe chake kilikuwa kimejaa vilevile.

Neno lile lilinikaa kooni siku mbili. Nikajipa dawa ya kikachero: nikamshike huyo mwanamke kwa macho yangu, nitulie. Jumanne alfajiri nikajifunga mtandio mweusi, nikajibanza nyuma ya mkorosho ulio mkabala na ua wake. Umri wangu huu! Siafu wakanipanda miguuni na siwezi kupiga kelele.

Nikasikia hatua zinapanda kutoka bondeni. Nikamwona mtu mrefu, ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, mwingine unaning'inia, anatembea wima bila kumwaga tone. Hata mimi nilimsifu yule mwanamke kwa mwendo. Alipofika uani nikaona ana suruali.

Ni yeye mwenyewe. Afisa mzima wa serikali, na ile kanga ameizungusha ngata kichwani chini ya ndoo.

Ndoo iliyojaa inataka mtu wa kukutua. Yeye hakuwa na mtu. Akapiga magoti polepole mbele ya pipa, shingo inatetemeka, akaiinamisha, maji mengine yakamwagikia mgongoni. Akaikunjua ile kanga, akaikamua, akaianika kwenye kamba kwa kuinyoosha pembe zote nne. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, na sikutoka kwenda kumsaidia. Niliona aibu ambayo sijaiona tena.

Kitangari sikufika, nilifikishwa, maana dereva wa bodaboda nilimharakisha mpaka akaniuliza kama nina mgonjwa. Kaka alinisikiliza ameshika kichwa.

"Mbona nilishampigia," akasema. "Jumamosi. Nikamwambia asirudi kwetu tena, ameonekana ana mwanamke ndani."

"Akajibu nini?"

"Alisema, nimesikia mzee, shikamoo."

Jumamosi. Na Jumapili alikuja. Aliingia kwangu akiwa ameshakataliwa, akijua fika ni nani peke yake aliyekwenda kuzunguka uani kwake, akanipa shikamoo, akaketi palepale mlangoni. Nililia mbele ya kaka yangu, mtu mzima mimi. Kaka akataka kumpigia tena simu. Nikamwambia usimpigie, nimeharibu mimi, nitakwenda mimi.

Lakini nilikosa mguu wa kwenda. Jumatano ikapita, Ijumaa ikapita. Jumapili watu wakajaa, kigoda cha mlangoni kitupu. Nikaizima televisheni kabla haijaanza, nikasimama nikawaeleza yote, bakuli, mapipa, kanga, Kitangari, siafu. Kwenye siafu mama muuza maandazi alicheka, akajiziba mdomo.

"Kwa hiyo kachero alikuwa wewe," mwalimu akasema.

"Ni mimi."

Mtani akasimama, akajikung'uta suruali kama hakimu. Mtani wako akikutoza faini, hukatai, utakuwa umeukataa utani wenyewe. "Faini," akasema. "Ndoo moja. Kutoka kisimani bondeni mpaka mlangoni kwake. Kichwani. Mchana huuhuu, watu wakiona."

Nikaenda. Sijapandisha maji kutoka bondeni tangu nipate cherehani, na kile kilima kilinikumbusha kila mwaka wangu. Wao wananifuata nyuma, mtani anaigiza ile sauti nzito, "Umekwisha, mama!" na watu barabarani wanatoka milangoni kuuliza kuna nini. Mama muuza maandazi anawajibu wote, bila kuruka hata siafu. Nilikuwa nacheka na kulia, na maji yananiingia machoni, sijui yapi ni yapi.

Tulipofika uani mtani akaiacha ile sauti nzito. Afisa alitoka mlangoni, akaniangalia, akaiangalia ndoo.

"Mwanangu," nikasema, "nilikusingizia. Nilidhani kuna mwanamke."

"Kanga ni ya marehemu mama," akasema. "Miguu yake ilikuwa haitembei. Maji nimechota mimi tangu nikiwa mdogo." Akatazama chini. "Hapa niliogopa kuchekwa. Ndiyo maana naenda alfajiri."

Nilijua kama akigeuka na kuingia ndani, ana haki, na mimi nitarudi kumwambia binti wa marehemu dada yangu kwamba mama yake mdogo ndiye aliyemnyima mume. Shingo ilikuwa inanitetemeka.

"Nitue," nikamwambia.

Akaja akainua mikono yote miwili, akanitua.