Bibi wa Kwenye Gemu

Harufu ya mavi makavu ya ng'ombe yakiungua hainichukizi hata leo. Juzi nilipita karibu na zizi moja, wachungaji walikuwa wameyawasha kufukuza mbu, nikasimama palepale njiani na mfuko wa sukari mkononi, watu wakanipita. Moshi ule ni mzito, wa kivivu, una utamu kidogo kama wa nyasi zilizolowa. Ukinikuta tu, ninarudi kuwa na miaka tisa, jikoni kwa bibi yangu mzaa mama, kijijini upande wa Masumbwe.

Lakini kisa hiki hakikuanza kwa Bibi. Kilianza kwa gemu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nasi tuliishi Shinyanga mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake Salimu. Hao walikuwa Wahindi, majirani zetu wa miaka mingi. Salimu alinizidi miaka miwili, na majivuno alinizidi miaka kumi. Mjomba wake alimletea mashine ya gemu, na mchana, jua likiwa limewanyamazisha hata mbwa, tulifunga mapazia, tukakaa mkekani, tukaingia kwenye nyumba ya ndani ya runinga. Nyumba ile haikuwa na mwisho. Ukifungua mlango unakuta korido, na kwenye korido yupo bibi kizee mwenye macho mekundu, anakuja polepole, anaburuta shuka. Akikufikia umekufa. Ukiwahi kumpiga, unaendelea na mlango mwingine.

Salimu alishikilia kwamba hakuna kitu duniani kinachotisha kuliko gemu ile. Mimi nilimwambia haimtishi hata kuku. Damu yenyewe ilikuwa na rangi ya soda. Nilimpiga yule bibi mara nyingi bila kupepesa macho, nikajiona shujaa wa mtaa mzima.

Likizo ya mwezi wa sita nikapelekwa kwa Bibi. Alipikia mavi ya ng'ombe na vijiti vya pamba, kama wanawake wote wa pale ambapo miti ilikwisha zamani, na jiko lake halikuwa na dirisha. Miaka nenda rudi aliinama kwenye moshi ule asubuhi na jioni, akipuliza moto, akichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kisha aligeuka kunitazama kwa macho mekundu yanayochuruzika machozi, akicheka, akiniita Kabula wangu. Nilimpenda mno. Sikuwahi hata kuyafikiria macho yake.

Siku moja alinituma mashine ya kusaga. Foleni ilikuwa ndefu, vumbi la unga limetanda hewani kama ukungu, na watoto wenzangu wakataka habari za mjini. Nikawapa gemu. Niliwaeleza korido, nikawaeleza yule kizee, nikaona hawanielewi, maana wengi hawakuwa wameiona hata runinga. Basi nikatafuta mfano wa karibu. Mashine ilikuwa imezimwa kidogo, sauti yangu ikasikika mpaka nje.

"Ana macho mekundu, akikufikia unakufa. Yuko vilevile kama bibi yangu."

Kina mama wakaacha kuongea. Nilidhani nimewatisha kwa usimulizi wangu, nikafurahi.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Kwa asiyejua, miaka ile kikongwe mwenye macho mekundu alihitaji kidogo sana kuitwa mchawi, na aliyeitwa hivyo alikatwa mapanga ndani ya nyumba yake. Kilichohitajika ni mtoto mgonjwa na mdomo mmoja. Wiki ile mtoto wa jirani alikuwa na degedege, na mdomo nikautoa mimi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, hawakusema kichwa cha nani.

Kesho yake asubuhi mjomba Masanja, ambaye mkewe alikuwepo kwenye foleni, alikuja na baiskeli, akaongea na Bibi nyuma ya ghala kwa sauti ya chini. Jua halijawa kali, tulikuwa tumeshapanda juu ya lori la pamba. Bibi alichukua blanketi, ungo na sufuria moja. Ng'ombe wake, ghala lake na kaburi la babu vilibaki. Nililala chali juu ya pamba, mawingu yakinipita taratibu, nimeshika mkono wake, na furaha yangu ilikuwa kubwa. Nilijua Bibi ameamua kuja kuishi nasi kwa sababu hataki kuachana nami.

Mjini tulipikia mkaa, uani. Miezi ilipita, na macho ya Bibi, bila ule moshi, yakaanza kuwa meupe kama ya watu wote. Siku moja mama aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akaingia ndani kulia.

Mchana mmoja Bibi alinifuata kwa Salimu. Salimu alimwamkia shikamoo, akamwekea mto. Mimi nilikuwa kazini, nampiga yule kizee. Bibi alitazama, akauliza huyo kizee amewakosea nini. Salimu akasema hajakosa, gemu ndivyo ilivyo.

"Sasa haka kabibi," Bibi akasema, "hakana hata mjukuu wa kukasemea?"

Salimu akacheka. Na mimi nikacheka.

Bibi alifariki kwa uzee, kitandani kwake, nikiwa mtu mzima. Baada ya matanga, tukichambua mchele, mama ndipo aliponieleza. Siku tatu baada ya lori letu kuondoka, watu walikwenda na mapanga, wakakuta nyumba tupu, wakaichoma. Na kilichowapeleka ni maneno yangu ya mashineni. Punje za mchele zilinitoka vidoleni. Niliogopa, mchana kweupe, jambo lililopita miaka mingi. Hofu ya namna ile sikuwahi kuikuta kwenye gemu yoyote.

Nikamuuliza mama kwa nini hakunichapa, kwa nini sikuambiwa. Akasema alitaka sana kunichapa. Bibi ndiye aliyemzuia, jioni ile tuliposhuka kwenye lori, nywele zake zikiwa bado na pamba.

"Msimwambie mtoto," alisema. "Ataogopa."