Nukta Nyekundu za Bondeni

Kabla ya kuwa mpima mtandao alikuwa dobi, na mpaka leo ukimwuliza kazi yake atakuambia dobi. Alianza kufua nguo za watu nyumba kwa nyumba pale mume wake alipoaga akisema anakwenda kutafuta maisha, maisha ambayo bila shaka bado hayajapatikana. Alibaki na mama mkwe, binti mmoja na mikono yake. Mikono ile ilijulikana bonde zima. Doa lililowashinda wengine, yeye aliling'oa. Na lililo kubwa kuliko doa, alichokiona chumbani kwa mtu kilibaki chumbani kwa mtu. Alijua nani analala sakafuni na nani amegombana na nani, lakini hata umchokoze vipi, utaambulia habari za sabuni.

Kwa sababu hiyo, ofisi moja ya mjini ilipotafuta watu wa kuchora ramani ya mtandao katika vitongoji vya pembezoni, mwenyekiti wa mtaa hakufikiri mara mbili. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapewa simu yenye programu ya kupima. Unafika nyumbani kwa mtu, unabonyeza, unasubiri kiduara kizunguke. Kisha unauliza humu ndani kuna simu ya namna gani, nani anaitumia, kompyuta ipo au haipo. Majibu na kipimo vinageuka nukta kwenye ramani. Kijani, mtandao upo. Njano, unasuasua. Nyekundu, hakuna kitu. Penye wekundu mwingi ndipo patakapojengwa mnara na kufunguliwa chumba cha kompyuta cha bure. Kabla hajamaliza siku ya kwanza watoto walikwisha kumbatiza Mama Nukta.

Sasa bonde lile lina shida yake. Miinuko imelizunguka na mtandao hauteremki mpaka chini, unaangukia hapa na pale kama matone ya paa bovu. Kila mwenye nyumba anajua tone lake linaangukia wapi. Huyu ni kwenye jiwe la kufulia, yule ni kona ya ukuta, na jirani mmoja hupanda ngazi mpaka paani, simu kaing'ata mdomoni. Bonde lina adabu yake pia. Mgeni hakalishwi popote tu. Mama Nukta alipotokea na simu ya ofisi shingoni, hakuonekana tena dobi, alionekana mgeni wa heshima. Walimtolea kiti, na kiti wakakiweka palepale tone linapoangukia. Kaa hapa, jirani, usije ukahangaika. Akakaa, akaletewa chai, akabonyeza. Kijani. Alipouliza kama nyumbani kuna mtandao, wakamjibu upo, tunashukuru, maana nani atamwambia mgeni kwamba kwake hakuna kitu? Naye hakuomba kuingia ndani. Akiwa dobi angepita moja kwa moja hadi uani. Akiwa mgeni, angeanzia wapi?

Siku alipokwenda kukabidhi kazi, msimamizi wake, kijana mpole anayependa kupongeza watu, alimfungulia ramani kwenye kompyuta. Bonde lote lilikuwa kijani. Akamwambia wana bahati, basi mnara na chumba cha kompyuta vitapelekwa upande wa pili wa mji.

Mama Nukta alikitazama kile kijani na mawazo yakamwendea binti yake. Binti alikuwa anasomea uuguzi kwa njia ya mtandao. Kila jioni alipanda mpaka barabarani kusimama kwenye baraza ya duka lililofungwa ili apate masomo, na mama akakaa mlangoni hadi aone kivuli chake kinarudi. Lakini mitihani ilikuwa inakuja, na chuo kimeshasema itafanywa papo hapo mtandaoni, atakayekatika katikati amefeli. Huwezi kufanya mtihani mzima umesimama barazani kwa watu, katikati ya honi na walevi.

"Mwanangu," alimwambia msimamizi, "hiyo ramani ni ya uongo. Na mwongo ni mimi."

Akamweleza habari za viti na chai. Kijana hakumcheka. Alisema bado kuna nafasi ya kurekebisha, mradi safari hii apime ndani, pale watu wanapolala na kufanya kazi, na katikati ya bonde pasibaki bila nukta.

Alianzia kwake. Aliiweka simu penye mto wa binti yake, akabonyeza. Kiduara kilizunguka mpaka kikachoka. Nyekundu. Mama mkwe, aliyekuwa akifuatilia yote kutoka kizingitini, akasema, "Ukimaliza kutuanika, kaanue nguo. Mvua inakuja."

Nyumba za juu walimfungulia baada ya kumsumbua kidogo. Chini kabisa, katikati ya bonde, alikaa fundi cherehani, na huko ndiko mambo yalikokwama. Fundi yule akinuna, jirani zake wote wananuna. Ukutani kwake ameandika kwa rangi ya buluu kwamba oda zinapokelewa kwa mtandao. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akaujaza mlango wote.

"Shemeji, mimi ni fundi," alisema. "Nikipakwa nyekundu huko mjini, nani ataniletea kitambaa?"

Akamjibu kwamba ramani haina majina. Fundi akasema nyumba yake ndiyo ya chini kuliko zote, hata kipofu ataijua. Na hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo Mama Nukta hakubishana. Aliivua simu ya ofisi shingoni, akaitia mfukoni.

"Shemeji, mama yako alipougua, mashuka yake alifua nani?"

Fundi akainamisha macho. "Wewe."

"Ulisikia neno lolote mtaani?"

"Sijasikia."

"Basi leo naomba neno moja litoke, na ulitoe wewe, si mimi. Mwanangu ana mtihani na hana pa kuufanyia."

Fundi aliichezea futi yake. Halafu akasogea, akamfunulia pazia. Juu ya kabati ilisimama simu kubwa nzuri aliyoletewa na mwanawe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama picha ya marehemu. Haijawahi kukamata chochote mle chumbani. Oda huwa anakwenda kuzisoma mke wake kule barabarani, akarudi nazo kichwani, na ndiyo maana mwaka jana kuna mteja alishonewa suruali badala ya gauni.

"Hiyo hapo," alisema fundi. "Tunaangalizia saa."

Mama Nukta akabonyeza. Wakasubiri pamoja, mabega yakikaribia kugusana. Nukta ilipotokea, fundi alivaa miwani, akaisogelea.

"Ndogo hivyo? Mimi nilidhani aibu ni kubwa zaidi."

Akatoka akiwa ametangulia mbele yake, akagonga mlango wa jirani. Akawaambia wafungue, yeye keshapakwa na bado anapumua. Hakuna aliyekataa tena. Bonde likawa jekundu mlango baada ya mlango, na mara hii hakuna aliyemtolea Mama Nukta kiti. Walimwacha apite mpaka chumbani, kama zamani.

Ujumbe ulimkuta juu ya mwinuko, akitoka kurudisha nguo za watu, kapu tupu kiunoni. Msimamizi aliandika kwamba bonde limeingia kwenye mpango. Mnara utachukua muda, ila chumba cha kompyuta kitafunguliwa juu barabarani, mtandao unakofika, kabla ya mitihani. Aliusoma tena, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akatafuta namba ya fundi ampigie, na kidole kikiwa juu yake akacheka peke yake pale barabarani. Ampigie, aipokelee wapi?

Akakaza khanga yake, akateremka kumwambia kwa mdomo.